Kutafuta Kazi Tunduma: Mambo ya Kuyajua Mwananchi Kabla ya Kuondoka Mbozi Misheni

Na Mwandishi Wetu, Songwe

Kijana anayemaliza kidato cha nne au chuo akiwa Mbozi Misheni ana mji jirani ambao hahitaji kuelezwa uliko. Tunduma imo ndani ya mkoa wake, huhitaji safari ya siku nzima kuifikia, na karibu kila ukoo una mtu aliyekwishatangulia huko. Ndiyo maana anayefika katika ofisi ya mtendaji kuomba barua ya utambulisho haulizi tena kama Tunduma kuna kazi. Anauliza ni kazi gani, inapatikana kwa njia ipi, na alipwe nani ili ipatikane.

Swali la mwisho lina jibu fupi: hapaswi kulipwa mtu yeyote. Maswali mengine mawili yanahitaji maelezo marefu kidogo, na ndiyo yanayojibiwa katika makala haya.

Mji uliokua kwa sababu ya barabara

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya, na makao makuu yake yakawekwa Vwawa, wilayani Mbozi. Katika eneo ambalo sasa ni mkoa huu, Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012 ilihesabu watu 998,862. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,344,687. Katika miaka hiyo kumi, Mji wa Tunduma ulitoka kwenye idadi iliyokuwa chini kidogo ya watu laki moja hadi zaidi ya laki mbili. Kwa maneno mengine, mkoa wote uliongezeka kwa zaidi kidogo ya theluthi moja, ilhali mji wa mpakani uliongezeka zaidi ya mara mbili. Ongezeko la aina hiyo haliletwi na uzazi peke yake. Ni watu waliofungasha na kuhamia, na wengi wao walifuata kazi.

Kilichowavuta ni barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia, inayovuka mpaka katikati ya mji huo na kuingia Nakonde. Shehena kubwa inayoshushwa katika Bandari ya Dar es Salaam kwa ajili ya Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hupita hapo, na shaba ya Kongo na Zambia hurudi kwa njia hiyohiyo. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ina stesheni Tunduma. Barabara ya kwenda Sumbawanga nayo inaanzia hapo, hivyo mahindi na mpunga wa ukanda wa Rukwa hukutana sokoni na bidhaa za madukani zinazovushwa kwenda ng'ambo.

Ni muhimu mtafuta kazi aelewe kwamba shughuli za mpakani hazibaki zilivyo. Hadi miaka michache iliyopita lori lilikaguliwa mara mbili, kwanza upande wa Tanzania na baadaye upande wa Zambia, na dereva aliweza kukaa Tunduma siku kadhaa akisubiri nyaraka. Kutokana na kusubiri huko ziliota nyumba za wageni, mama lishe, maegesho, walinzi wa malori usiku na vijana wa kukimbiza karatasi kutoka dirisha moja hadi jingine. Tarehe 5 Oktoba 2019, Rais wa Tanzania wa wakati huo, Dkt. John Magufuli, na Rais wa Zambia wa wakati huo, Edgar Lungu, walizindua Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani cha Tunduma na Nakonde. Chini ya utaratibu huo, maofisa wa nchi zote mbili hukaa pamoja, na mzigo hukaguliwa mara moja tu katika nchi unakoingia.

Foleni haijaisha, na anayepita barabara hiyo anajua. Hata hivyo mwelekeo unaonekana. Tangu mwaka 2023 bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, husafirisha dizeli badala ya mafuta ghafi, na sehemu ya mafuta ambayo ingebebwa na malori sasa hupita ardhini. Mwaka 2025 Serikali za Tanzania na Zambia zilikubaliana na kampuni ya CCECC ya China kuikarabati na kuiendesha TAZARA, katika mradi wa takribani dola za Marekani bilioni 1.4. Reli itakapokuwa imara, baadhi ya mizigo itahama barabarani. Kwa hiyo kazi inayoishi kwa sababu lori limekwama si ya kuijengea matumaini ya miaka kumi. Kazi inayoishi kwa sababu mzigo unakwenda haraka ndiyo yenye nafasi ya kukua: uwakala wa forodha, utunzaji wa maghala, ufundi wa magari makubwa na mifumo yake ya umeme, udereva wenye sifa kamili, uhasibu, na usagaji na ufungashaji wa nafaka.

Hapo ndipo elimu inapoanza kutofautisha vijana wawili waliopanda gari moja. Wakala wa forodha hufanya kazi kwa leseni ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na wafanyakazi wake wanahitaji kujua sheria za forodha za Jumuiya ya Afrika Mashariki na mifumo ya kuwasilisha nyaraka. Chuo cha Kodi kinatoa mafunzo ya cheti mahususi kwa kazi hiyo, yanayotambulika Afrika Mashariki nzima. Dereva wa lori lenye tela anahitaji leseni ya daraja E, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kina kozi za madereva wa magari makubwa ya mizigo. Fundi aliyejifunzia gereji bila kukanyaga chuo naye hajasahauliwa. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi hupimwa kwa vitendo na akifaulu hupewa cheti. Utaratibu huu hautumiki kadiri unavyostahili. Fundi mwenye uzoefu wa miaka minane asiye na karatasi huachwa pembeni kampuni inapoajiri, na anayechukuliwa ni mwenye cheti ambaye bado anajifunza kushika spana.

Ipo pia amri iliyotangazwa Julai 2025 chini ya sheria ya leseni za biashara, inayozuia watu wasio raia kufanya biashara za aina 15. Miongoni mwake ni uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, biashara ya rejareja na jumla isipokuwa maduka makubwa ya kujihudumia, uwakala wa forodha na usafirishaji wa shehena, na ununuzi wa mazao shambani. Kwa mji wa mpakani, na kwa wilaya ya wakulima wa kahawa kama Mbozi, nafasi hizo si ndogo. Raia anayemwazima mgeni jina lake ili leseni itoke anavunja sheria, na wakati huohuo anaiuza nafasi iliyowekwa kwa ajili yake.

Ajira za Serikali haziuzwi mpakani

Anayefika kituo cha mpakani huona sare nyingi: TRA, Uhamiaji, Polisi, Shirika la Viwango, maofisa wa afya, wa mifugo na wa afya ya mimea. Ni rahisi kudhani kwamba ofisi hizo huajiri hapohapo. Haziajiri hapo. Nafasi katika utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hutumwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Ajira Portal kupitia portal.ajira.go.tz. Zipo taasisi zinazotangaza nafasi kupitia mifumo yao wenyewe, na vyombo vya ulinzi na usalama vina utaratibu wake. Lakini katika hali zote hizo tangazo huwa la wazi, lina tarehe ya mwisho, na halina ada. Halmashauri inayopata kibali cha kuajiri, kwa mfano watendaji wa vijiji au madereva, nayo hutangaza nafasi hizo kwa umma. Mtu anayenong'ona kwamba ana "nafasi mbili za pale mpakani" hana nafasi yoyote.

Waombaji wengi hupoteza nafasi kwa mambo madogo kabla hata hawajaitwa kwenye usaili. Tangazo la kawaida la Sekretarieti humtaka mwombaji awe raia wa Tanzania asiyezidi umri wa miaka 45, aambatishe barua ya maombi iliyosainiwa, wasifu wenye wadhamini watatu wa kuaminika, cheti cha kuzaliwa, na nakala za vyeti vya elimu na taaluma zilizothibitishwa na wakili. Hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita, pamoja na matokeo ya muda ya vyuo, hazikubaliki badala ya vyeti halisi. Aliyesoma nje ya nchi anatakiwa kuwa na uthibitisho wa TCU, NACTVET au NECTA kulingana na ngazi ya elimu yake. Mwenye ulemavu anahimizwa kulitaja jambo hilo katika mfumo ili aandaliwe mazingira yanayofaa siku ya usaili.

Aidha, majina yanapaswa kufanana. Aliyeandikishwa shuleni kwa jina moja, akabatizwa kwa jingine na kusajiliwa NIDA kwa la tatu, ajue kwamba mfumo utamwona kama watu watatu. Marekebisho hayo yafanyike mapema kupitia NIDA na RITA, na inapobidi kwa kiapo mbele ya wakili. Ukingoja hadi siku mbili kabla ya tangazo kufungwa, umechelewa. Namba ya kitambulisho cha taifa inaweza kuangaliwa kwa simu kupitia *152*00#.

Mtandao wa intaneti unasumbua katika baadhi ya vijiji, na wapo vijana wanaomlipa mwenye duka la huduma za kompyuta awatumie maombi. Hilo si kosa. Kosa ni kumwachia nywila ya akaunti na kutumia barua pepe yake badala ya yako. Wito wa usaili na taarifa nyingine huonekana ndani ya akaunti, na asiyeweza kuifungua hupata habari zake baada ya wenzake kwenda kazini.

Wakala wa Serikali wa kumuunganisha mtafuta kazi na mwajiri

Wananchi wengi hawaifahamu TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Kazi yake ni kumsajili mtafuta kazi, kumfundisha kuandika wasifu na kujiandaa kwa usaili, na kumuunganisha na waajiri wa sekta binafsi na ya umma, bila malipo. Kwa wahitimu wa vyuo kuna pia programu ya mafunzo ya uzoefu wa kazi, ambamo mhitimu hupelekwa katika taasisi au kampuni kwa muda maalumu. Hii inamsaidia hasa yule anayeambiwa kila mahali alete uzoefu ambao hakuna aliyekubali kumpa.

Mawakala binafsi wa ajira nao wanaruhusiwa. Wanafanya kazi chini ya Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999 na kanuni za mwaka 2014, na wanatakiwa kuwa na leseni. Anayelipa gharama ya huduma ni mwajiri. Mtafuta kazi halipi. Mwombaji ana haki ya kuomba aione leseni hiyo, na wakala halali hatakasirishwa na ombi hilo.

Jinsi utapeli unavyofanya kazi

Utapeli wa ajira una sura chache, na ukizijua unazitambua mapema. Ujumbe huingia kwenye simu ukitaja kampuni inayojulikana, mgodi au shirika la kimataifa. Unasema umechaguliwa, pengine bila wewe kuomba popote. Mshahara unaotajwa ni mkubwa kuliko kazi yenyewe. Kisha hutajwa kiasi kidogo: hela ya fomu, ya vipimo vya afya, ya sare, ya kitambulisho. Kiasi hicho hupangwa kiwe kidogo ili mzazi asione tabu kuuza debe mbili za mahindi. Kikishatumwa, kinazaliwa kingine, na safari hii mhusika anaogopa kuacha kwa sababu amekwishatoa cha kwanza.

Ujumbe wa namna hiyo usijibiwe. Mwananchi anaweza kutuma neno UTAPELI kwenda namba 15040, kisha akafuata maelekezo ya kuitaja namba iliyomtumia, na huduma hiyo ni ya mitandao yote ya simu. Kwa kupiga *106# anaweza pia kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, maana matapeli hupenda laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine. Kama anayedai fedha ni mtumishi wa umma, hiyo ni rushwa, na TAKUKURU hupokea taarifa bila malipo kwa namba 113.

Kuna hatari kubwa kuliko kupoteza fedha. Tunduma ni njia, na njia hupitisha mema na mabaya. Msichana anayefuatwa nyumbani na mtu asiyefahamika vizuri, akiahidiwa kazi ya dukani au hotelini mpakani, anaweza kujikuta katika kazi aliyokuwa hajaambiwa, au upande wa pili wa mpaka akiwa hana hati. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inaliita jambo hilo kwa jina lake, hata kama aliyemchukua ni ndugu na hata kama mzazi aliridhia. Kabla binti hajaondoka, familia iwe na jina kamili la mwajiri, mtaa anaoishi na namba ya simu iliyojaribiwa, na nakala ya taarifa hizo ibaki kwa mtendaji. Mtoto aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi ya hatari. Kwa Mtanzania, Nakonde ni nchi nyingine hata kama soko linaonekana moja, na anayetaka kufanya kazi huko anahitaji hati ya kusafiria na kibali cha Zambia.

Kazi imepatikana, karatasi iko wapi?

Malalamiko mengi ya kazi huanza siku ya kwanza kazini, hata kama mlalamikaji huyaona mwaka mmoja baadaye. Ameambiwa "anza tu, mengine tutazungumza." Ameanza. Hakuna kilichoandikwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi: jina na anwani, kazi yenyewe, mahali pa kazi, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba, saa za kazi na malipo. Wengi hawajui kwamba sheria hiyohiyo inamlinda asiyepewa karatasi. Mgogoro unapofika mbele ya chombo cha sheria na mwajiri akashindwa kuonesha maelezo hayo, jukumu la kuthibitisha masharti ya ajira linakuwa la mwajiri. Ukosefu wa mkataba haufuti haki, na anayekuambia "huna mkataba, kwa hiyo huna madai" anajitetea mwenyewe. Hata hivyo ni vizuri kutunza kila kinachoonesha kwamba ulikuwa kazini: ujumbe wa malipo ya simu, daftari la zamu, kitambulisho, picha za matangazo ya kazi.

Saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki na zisizidi 9 kwa siku. Zinazozidi hapo hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Likizo ya mwaka ni siku 28. Likizo ya uzazi ni siku 84, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kima cha chini cha mshahara katika sekta binafsi hakiko kimoja kwa wote. Amri ya Mishahara hukitaja kwa sekta, wakiwemo wafanyakazi wa majumbani, ambao mara nyingi huhesabiwa kama watu wa familia siku ya kazi na kama wageni siku ya malipo. Mchango wa hifadhi ya jamii katika NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu ya kiasi hicho. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) huchangiwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi aliyekatwa kwa ajili ya WCF amekatwa isivyo halali. Makato ya NSSF yanayoonekana kwenye hati ya mshahara hayamaanishi kwamba fedha zimefika, hivyo mwanachama aangalie salio lake mara kwa mara.

Muda wa majaribio nao una mtego wake. Kanuni zinataka usizidi miezi 12, na sheria inasema mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo halali. Baadhi ya waajiri huijua hesabu hiyo vizuri, na mwezi wa tano huwa mwezi wa kuachana. Hilo halimnyimi mfanyakazi mshahara aliokwishaufanyia kazi wala notisi. Katika mwezi wa kwanza wa ajira notisi ni siku saba. Baada ya hapo ni siku nne kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki, na siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi.

Mambo yakiharibika, chombo cha kwanza ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), yenye ofisi mikoani. Shauri hufunguliwa kwa kujaza fomu Na. 1 ya Tume, bila ada, na huanza kwa usuluhishi. Mlalamikaji halazimiki kuwa na wakili. Siku ndizo zinazowaangusha watu. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapaswa kufikishwa Tume ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, na migogoro mingine, kama ya mishahara isiyolipwa, ndani ya siku 60 tangu ilipotokea. Tuchukue mfano wa kijana aliyeachishwa kazi katika ghala la Tunduma tarehe 1 Machi. Anarudi Misheni kutulia, anasaidia shambani, wazee wanamshauri ampe bosi muda kwa sababu ameahidi "kuliangalia." Anapokwenda Tume katikati ya Aprili, jambo la kwanza si tena haki yake, bali ni kuomba aongezewe muda na kueleza kila siku aliyochelewa. Ahadi ya mwajiri ya mdomo huwa haihesabiwi kama sababu ya kutosha. Mtu anaweza kuendelea kuzungumza na mwajiri wake akiwa amekwishafungua shauri, na usuluhishi wenyewe ni mazungumzo mbele ya mtu wa tatu.

Kwa wabeba mizigo wa maghalani na sokoni, wanaolipwa kwa gunia na kumaliza siku bila mwajiri mmoja anayejulikana, ulinzi huu ni mgumu kuufikia, na si haki kuficha hilo. Kinachowasaidia ni kufanya kazi kwa kikundi chenye orodha na kiwango kilichokubaliwa, ambacho kinaweza kusimama mbele ya mwenye ghala au ofisi ya kazi kama upande mmoja.

Kuhusu wanaobaki na wanaorudi

Si kila anayetoka Mbozi Misheni lazima aende mbali. Hospitali iliyopo hapo, iliyokulia katika kituo cha wamisionari wa Moravian cha mwishoni mwa karne ya 19, ni mfano kwamba taasisi za eneo huajiri pia wauguzi, wahudumu, mafundi, wahasibu na walinzi. Vwawa, kama makao makuu ya mkoa, na Mlowo, kama mji wa biashara ya mazao, zinapanuka bila sifa ya mpakani. Kahawa ya arabika ya Mbozi inahitaji watu katika ngazi ambazo vijana wasomi hawazitazami: makarani wa vyama vya ushirika wanaojua mifumo ya kielektroniki, wasimamizi wa mitambo ya kuchakata kahawa mbivu, wazalishaji wa miche bora, waonjaji wa ubora. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI) ina kituo Mbimba, wilayani humohumo, ambako mkulima na kijana wanaweza kujifunza namna ya kuanzisha kitalu.

Kwa wanaotaka kujiajiri, mjini au nyumbani, kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisitishwa mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu baada ya vikundi hewa na marejesho hafifu kubainika, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 chini ya utaratibu mpya. Uhakiki sasa ni mkali zaidi, na kikundi kilichoundwa wiki moja kabla ya kuomba hakiwezi kutegemea kupita. Aliyehamia Tunduma anaomba katika Halmashauri ya Mji Tunduma anakoishi na kufanyia shughuli, wala si Mbozi alikotoka. Aliyebaki Misheni anaanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yake, akiwa na majina ya wanakikundi, namba zao za NIDA na maelezo ya shughuli wanayoifanya.